Swichi Iko Limuru

Tarehe 25 Juni 2025, saa za mchana, mathe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya TV yetu hapa Kangemi, akitafuta uso mmoja kwenye umati. Uso wa ndugu yangu mdogo. Jamaa alitoka asubuhi akasema anaenda kwa rafiki. Sote tulijua rafiki mwenyewe ni tao. Simu yake ikawa haishiki.

Mathe akawa anaruka chaneli. NTV, KTN, Citizen, anarudi NTV. Kila kijana mwenye jaketi nyeusi alikuwa yeye. "Huyo si ndio yeye? Ngoja, amegeuka." Halafu NTV ikapotea. Akabonyeza KTN, nayo hamna kitu. Akaipiga rimoti kwenye goti mara mbili vile wamama hupiga rimoti.

"Imeharibika hii?"

"Si rimoti, mathe. Ni Limuru."

Aliniangalia kama mtu anayemchezea siku mbaya. Hakuelewa Limuru imeingiaje kwa sebule yake. Andiko hili ndilo jibu refu ambalo sikuweza kumpa siku ile. Ni historia ya TV Nairobi kwa upande wa swichi: nani anaiwasha, nani anaizima, na kwa nini mimi, mtu aliyeacha kampasi mwaka wa pili, niliamua kuweka swichi ndogo yangu juu ya kabati.

Nyumba ya shambani

TV ya Kenya haikuanzia kwa jengo kubwa la vioo. Ilianza 1962, kabla hata hatujapata uhuru, na kituo cha kwanza cha kurusha matangazo kiliwekwa kwenye nyumba ya shambani kule Limuru. Mawimbi yake yalifika umbali wa maili 15 hivi. Kwa nini Limuru? Kwa sababu ya mlima. Mawimbi ya TV husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hayapendi kuzuiwa na kitu. Ukitaka kuangazia Nairobi, unapanda juu na kumulika chini. Ukitoka kwetu ushike Waiyaki Way, unapita Uthiru, unapita Kinoo, barabara inapanda tu. Hiyo mikunjo ya barabara ndiyo sababu antena nyingi za mitaa ya upande huu zimeelekezwa kule.

Mwaka wa 1964 serikali ikachukua shirika la utangazaji, likaitwa Sauti ya Kenya, VoK. Kwa miaka 25 na zaidi Mkenya alikuwa na mlango mmoja wa TV, na ufunguo ulikuwa kwa serikali. Na watu walijua ufunguo huo ni wa maana. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, mojawapo ya sehemu za kwanza walizokimbilia ni VoK. Walimtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kwake ili aiambie nchi kwa redio kwamba serikali imeanguka. Ikulu inaweza kungoja. Maikrofoni haingoji.

VoK ilirudi kuitwa KBC 1989. Mwaka uliofuata, Machi 1990, KTN ikaingia hewani ikiwa stesheni ya kwanza isiyo ya serikali. Mwisho wa miaka ya tisini NTV na Citizen nazo zikaingia. Sasa milango ikawa mingi. Lakini shikilia hili: mitambo mingi ya kuangazia Nairobi ilibaki palepale juu, Limuru. Milango ilikuwa mingi lakini kilima kilibaki kimoja.

River Road kabla ya intaneti

Mimi huuza waya, rimoti na ving'amuzi kwenye kibanda kimoja River Road, ile sehemu ukishuka kidogo uko Luthuli. Nilianza kama kibarua cha likizo, karo ikakwama, likizo ikawa maisha. Sioni haya. Mambo mengi ninayojua kuhusu mitandao nimeyasoma kwa fundi mmoja mzee wa TV ambaye meza yake iko futi tatu kutoka kwa yangu.

Huyu mzee ndiye aliniambia jinsi watu walivyokuwa wakisambaza TV kabla neno "seva" halijafika mtaani. Mwenye nyumba ananunua antena moja nzuri, inafungwa juu ya paa kwa mti mrefu, halafu fundi anagawa waya: mmoja chumba hiki, mwingine chumba kile. Kama mawimbi yamechoka kwa kugawanywa, unaongeza amplifaya. Wale wasio na pesa za antena walitundika kifuniko cha sufuria dirishani na kukizungusha mpaka picha itulie. Mtoto mmoja anakaa nje, mwingine ndani anapiga kelele: "Hapo! Usiguse! Umeharibu!"

Sisi tulicheka hizo hadithi. Lakini angalia wazo lenyewe: unapokea mara moja kutoka juu, halafu unagawa ndani ya ua kwa waya wako mwenyewe. Mwenye stesheni hajui mko wangapi na hakuna anayelipia mara ya pili. Hiyo ndiyo seva ya nyumbani. Kilichokosekana ni kompyuta tu.

Vijana wa Paris na koni ya machungwa

Kompyuta iliingia kwa hii stori mbali sana na hapa. Mnajua ile programu yenye alama ya koni ya barabarani, VLC. Kila duka la muvi River Road lilikuwa nayo. Ukipeleka flashi ujaziwe muvi, jamaa anakufungulia kwanza uone kama inacheza, na koni hiyo ndiyo inatokea. Wengi tunadhani iliundwa ili kuchezesha muvi. Hapana. Iliundwa kwa sababu ya TV.

Mwaka 1996, wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris walikuwa na mtandao mzee na wa polepole kwenye mabweni. Walitaka mpya, na sababu mojawapo, wenyewe wanakubali, ni kwamba michezo ya kompyuta ilikuwa inakwama. Lakini huwezi kuendea wafadhili na kusema "tupe pesa tucheze gemu." Walihitaji kazi nzito ya kuipa mtandao huo. Kazi wakaipata: badala ya kila mwanafunzi kufunga dishi lake la setilaiti na king'amuzi chake, weka dishi moja, liingie kwenye seva moja, halafu seva isambaze TV laivu kwa kompyuta zote za bweni kupitia mtandao. Mradi ukaitwa VideoLAN. Ulikuwa na pande mbili: seva ya kutuma, na programu ya kupokea. Ile ya kupokea, VideoLAN Client, ndiyo VLC. Hata koni ni vituko vya wanafunzi: chama chao cha mtandao kilikuwa na mazoea ya kukusanya koni za barabarani.

Tarehe 1 Februari 2001 chuo kikakubali programu hiyo itolewe kwa leseni huria, yeyote aitumie na kuibadilisha bure. Mwaka uliofuata kule Marekani ukaanza mradi wa MythTV, wa kugeuza kompyuta ya nyumbani kuwa kinasa TV. Baadaye ikaja Tvheadend, ambayo ndiyo ninayotumia mimi. Zote zinafanya kitu kimoja ambacho yule mwenye nyumba alifanya kwa mti na waya.

Mimi hiyo historia ilinishika kwa sababu moja. Programu niliyoitumia maisha yangu yote ilitoka kwa wanafunzi waliokuwa na shida ndogo, wakaitatua kwa kugawana antena moja. Mimi nilikaa kampasi miaka miwili, na tulipokuwa na shida ya mtandao kwenye hosteli, kila mtu alinunua bando yake.

Mwaka TV iligeuka kuwa data

Hapa kwetu badiliko kubwa lilikuja kwa jina la "digito". Disemba 2009 Rais Kibaki alizindua mawimbi ya dijitali Nairobi. Ulimwengu ulikuwa umekubaliana kuachana na analogi kufikia 17 Juni 2015. Lakini nyuma ya neno hilo tamu kulikuwa na vita vya swichi.

Zamani kila stesheni ilirusha mawimbi yake yenyewe kwa mtambo wake. Katika dijitali, kazi zinagawanywa: stesheni inatengeneza vipindi, na kampuni nyingine yenye leseni ya usambazaji inavibeba hadi kwako. Leseni za kwanza zilikwenda kwa Signet, kampuni tanzu ya KBC, na kwa kampuni ya Kichina ya Pan African Network Group. Citizen, NTV na KTN zikasema hapana, hatuwezi kuwa na vipindi vyetu halafu bomba liwe la mtu mwingine. Tutakuwa tunaomba ruhusa ya kusikika. Wakataka leseni yao. Kesi zikapanda hadi Mahakama ya Juu.

Februari 2015 Mamlaka ya Mawasiliano ikafika Limuru na kuzima mitambo ya analogi ya stesheni hizo. Nilikuwa darasa la sita. Kwa karibu wiki tatu, hakukuwa na Citizen, NTV wala KTN. Hamna habari za saa moja, hamna soap za mathe. Walirudi mwanzoni mwa Machi wakiwa kwenye bomba lao wenyewe, ADN. Fundi wangu huuita mwaka huo "mavuno": hata mtu asiye na deni alikopa anunue king'amuzi.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo watu wengi husimulia hadithi hii nusu. Ni kweli tulilazimishwa kununua kidude kipya. Lakini siku ile analogi ilipozimwa, TV yote ya Nairobi iligeuka kuwa data. Zamani masafa moja yalibeba chaneli moja. Sasa masafa hayohayo yanabeba zaidi ya chaneli kumi, zimefungwa pamoja kama abiria kwenye matatu moja. King'amuzi chako ni kompyuta ndogo inayomshusha abiria mmoja unayemtaka. Na kama ni data, basi kompyuta yoyote yenye kidude cha kupokea inaweza kufanya hivyo, kuwashusha abiria kadhaa kwa wakati mmoja, kuwapeleka vyumba tofauti, na hata kuwaandika kwenye diski. Waliobadilisha bomba walitupa sisi uwezo huo bila kukusudia. Na sisi tukautumia kununua ving'amuzi vinne kwa ploti moja.

Mara tatu gizani

Kwa nini nasema hili lina uzito? Hesabu nami mara tatu.

Ya kwanza, 30 Januari 2018. Raila Odinga alikuwa anajiapisha Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi". Asubuhi hiyo Citizen, Inooro, NTV na KTN News zikazimwa. Wapi? Kwenye mitambo, Limuru. Mahakama Kuu ikaagiza zirudishwe tarehe 1 Februari, lakini NTV na KTN zilirudi tarehe 5, na Citizen ikakaa gizani siku chache zaidi. Nilikuwa fomu wani, shule ya kutwa. Stesheni ziliendelea kurusha YouTube, na mtaani tulikaa watu saba kwa simu moja ya jirani aliyekuwa na bando. Siku hiyo funzo lilionekana rahisi: TV ni ya kale, intaneti ndiyo uhuru.

Ya pili, 25 Juni 2024. Siku vijana walipoingia Bunge kwa ajili ya Mswada wa Fedha. Alasiri hiyo intaneti nchini ikayumba vibaya. NetBlocks, wanaofuatilia mitandao duniani, waliirekodi. Kampuni za simu zikasema ni shida ya nyaya za baharini. Sababu yoyote iwe, sisi wenye simu kali tulikuwa tunaangalia duara likizunguka. Shosho yangu mwenye TV ya kichogo na king'amuzi kizee alikuwa anaona kila kitu. Yeye ndiye alikuwa anatupigia kutuambia yanayotokea. Funzo la 2018 likageuka kichwa chini miguu juu.

Ya tatu ni ile niliyoanza nayo, mwaka mmoja kamili baadaye. Mamlaka iliagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano laivu, na baadhi zikaondolewa hewani. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo siku hiyohiyo. Lakini kati ya swichi kuzimwa na jaji kusema, kuna saa. Na ndani ya hizo saa kuna wamama wanaopiga rimoti kwenye goti.

Basi usiniambie TV ni ya wazee, na usiniambie intaneti ni huru. Njia zote mbili zina swichi, na swichi zote mbili ziko mikononi mwa watu tusiowajua. Swali la maana ni nini kinabaki kwako swichi ikizimwa.

Kabati letu

Niliweka seva mwanzoni mwa 2025, na sababu ya kwanza haikuwa siasa. Ilikuwa pesa. Mathe alikuwa anaangalia Citizen kwa simu, YouTube, akiwa jikoni. Video ya megabiti 2 kwa sekunde inakula karibu MB 900 kwa saa. Saa mbili za soap na habari, karibu GB mbili zimekwenda. Na wakati huohuo chaneli ileile ilikuwa inapita juu ya paa letu, bure. Tulikuwa tunalipia maji huku mvua inanyesha.

Vitu nilivyotumia ni hivi. Kompyuta kuukuu ya ofisini, RAM ya GB 4, niliyoitoa kwa mtu aliyekuwa anauza kumi kwa pamoja. Diski ya GB 500. Antena ya UHF juu ya paa, ikitazama Limuru. Waya wa antena, ule mweupe mnene, usinunue ule mwembamba wa bei ya chini. Na kidude cha USB cha kupokea TV.

Hapo kwenye kidude niliumia, na mimi mwenyewe nafanya kazi River Road. Niliuziwa kilichoandikwa DVB-T. Kenya inatumia DVB-T2. Tofauti ni tarakimu moja, lakini cha kwanza hakioni kitu kabisa. Nilikaa usiku mzima nikitafuta chaneli, sifuri. Nilidhani antena imepinda. Nikapanda kwa paa saa tano usiku na tochi ya simu, mwenye nyumba akatoka na rungu. Kesho yake fundi wangu alitazama kidude kwa sekunde mbili, akacheka mpaka akaketi. "Kijana, umesoma kompyuta kampasi na hujasoma paketi."

Nilipopata cha T2, kikashika. Ndani ya kompyuta nimeweka Linux na Tvheadend. Programu inakagua masafa, inapata chaneli, inazipanga. Kutoka hapo, simu ya mathe, laptopu yangu na TV ya sebuleni zote zinaunganishwa kwa ruta yetu na kuchagua chaneli. Mnaotazama kwa VLC mtafurahi: mnairudisha koni kwa kazi yake ya kwanza. Na kwa sababu picha haitoki nje ya nyumba, haigusi bando hata kidogo. Unaweza kukosa intaneti mwezi mzima na Citizen ikacheza jikoni.

Kitu kizuri zaidi ni kwamba kidude kimoja kinashika masafa moja, na masafa moja yana chaneli nyingi. Hivyo mathe anaweza kuwa kwa moja, mimi kwa nyingine, ilimradi ziko kwenye matatu moja. Zikiwa kwenye matatu mbili tofauti, unahitaji vidude viwili. Mimi sasa ninavyo viwili.

Na waifai isikudanganye. Picha ikikwama, mara nyingi si antena, ni ukuta kati ya ruta na simu. Kwa TV ya sebuleni tumia waya.

Chaneli za kulipia hazimo. Zimefungwa kwa msimbo na mimi sizifungui. Nazungumzia zile za bure tu, ndani ya nyumba yako.

Siku nilipopewa swichi

Habari ilienea kwenye ploti. Mwenye nyumba, yuleyule wa rungu, akanijia na wazo. Vyumba ni 14. Nivute waya kila chumba, tutoze kidogo kwa mwezi, tugawane. Na nikubali: nilifikiria wiki nzima. Pesa ingeingia, na mimi niko mtu wa karo iliyokwama.

Kuna sheria, kwanza. Kusambaza matangazo ya watu kwa malipo kunahitaji leseni na ruhusa ya wenye vipindi. Lakini hata bila sheria kuna jambo lililonikera. Mwenye nyumba aliuliza, "Na mtu akikosa kulipa?" Nikajibu haraka bila kufikiria, "Namzima kutoka kwa simu yangu."

Nilijisikia nikisema hivyo. Kumbe nilihitaji tu miezi michache na kompyuta ya mitumba kuwa Limuru ya ploti yetu.

Nikamwambia sitaki. Badala yake nimeonyesha majirani wawili jinsi ya kujiwekea yao. Mmoja amefaulu, mwingine aliniuliza mbona nisimwekee tu alipie. Nawaelewa wote wawili.

Kilichobaki

Sasa turudi 25 Juni. Msidhani seva yangu ilifanya muujiza. NTV ilipozimwa, nayo kwangu ilizimwa. Antena yangu inategemea Limuru kama ya kila mtu. Yeyote anayekuambia kompyuta ya kabatini itakukomboa anakuuzia kidude cha DVB-T.

Lakini nilikuwa nimeiagiza irekodi tangu saa mbili asubuhi. GB 500 zinabeba zaidi ya saa 500 za picha ya kawaida. Nina nafasi ya kupoteza. Kwa hiyo wakati skrini ilikuwa nyeusi, mathe alikaa na laptopu yangu akirudisha nyuma asubuhi nzima, akisimamisha picha kila mara, akiweka uso karibu na kioo. Alinifundisha kitu. Mimi nilikuwa nafikiria kuhusu "ushahidi" na "kumbukumbu ya taifa". Yeye alikuwa anatafuta jaketi.

Hakumwona. Ndugu yangu alifika saa mbili usiku, amerudi kwa miguu, amevaa slipa ambazo si zake. Hakusema mengi. Mathe hakumgombeza. Alimpa chakula, halafu akaniambia nisifute zile rekodi.

Sijazifuta. Ziko hapo kwenye diski, saa baada ya saa, pamoja na matangazo ya sabuni na utabiri wa hali ya hewa. Yakizungumzwa tofauti baadaye, na huwa yanazungumzwa tofauti, nitakuwa na kile kilichopita hewani kabla ya swichi. Zamani, kunasa hivi kulihitaji kinasa cha VHS na kabati la kanda. Leo kunahitaji kompyuta ambayo ofisi imeitupa.

Ndio maana naandika. Sisemi kila mtu awe fundi. Nasema ile antena mliyorithi juu ya paa msiing'oe kwa sababu mna bando. Nasema kwa kila ploti, kila ukoo, awepo mtu mmoja anayerekodi. Shosho zetu walishika antena kwa mikono ili picha itulie. Sisi tushike diski.

Na ukienda River Road kununua kidude, soma paketi. T2. Mbili.